Tanzania: Nani anamlinda mtoto aliyefuatana na mama yake machimboni?

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, siku ya kazi ya mwanamke anayeosha mchanga wa dhahabu huanza kabla jua halijapanda. Hufika mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga huo, akiwa na ndoo, beseni, magunia ya kutandika juu ya ubao wa kuoshea, chakula cha mchana na, mara nyingi, mtoto mgongoni. Mtoto hulazwa chini ya turubai au kwenye kivuli cha mti. Akianza kutambaa, hutambaa hapo hapo. Akifikia umri wa kutumwa, hutumwa: lete maji, shika beseni, mwangalie mdogo wako.

Afisa kazi akipita na kuuliza ni nani aliyemwajiri mtoto huyo, hupewa jibu la kweli kabisa: hakuna. Hakuajiriwa na mtu, amefuatana na mama yake. Kwa jibu hilo ukaguzi huweza kuishia pale pale, ingawa mtoto ameketi hatua chache kutoka kwenye mashine ya kusagia mawe na beseni lenye zebaki.

Lugha ya kila siku nayo husaidia kulifunika jambo hili. Mama husema mtoto "ananisaidia kidogo". Mwenye mwalo husema "anacheza tu". Hakuna anayedanganya. Lakini vumbi la mawe, shimo lisilo na uzio na mvuke wa zebaki havitofautishi kati ya mtoto anayelipwa, anayesaidia na anayecheza.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya umri wa miaka 14. Aliyefikisha umri huo anaweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na ukuaji wake wala kumzuia kwenda shule. Kwa migodi, viwanda na ubaharia, sheria hiyo inapandisha umri hadi miaka 18. Zanzibar ina sheria zake: ya ajira ya mwaka 2005 na ya watoto ya mwaka 2011.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza mambo mengine. Inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Inataja pia kazi zinazohesabiwa kuwa za hatari kwake, zikiwemo uchimbaji madini na mawe, ubebaji wa mizigo mizito, kazi zenye kutumia kemikali, kazi mahali penye mashine, na kazi za baa, hoteli na kumbi za starehe. Katika ngazi ya kimataifa, Tanzania iliridhia Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu umri wa chini wa kuajiriwa, mwaka 1998, na Mkataba namba 182, unaohusu aina mbaya kabisa za ajira ya watoto, mwaka 2001.

Kwa mtoto aliyeajiriwa, basi, sheria haina utata. Ugumu ni wa utekelezaji. Utafiti wa taifa kuhusu ajira ya watoto wa mwaka 2014 ulikadiria kuwa watoto milioni 4.2 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 walikuwa katika ajira ya watoto, sawa na asilimia 28.8 ya watoto wa rika hilo, walio wengi wakiwa katika kilimo. Hesabu ya namna hiyo huanza na swali la kama mtoto anafanya kazi. Mtoto wa mwaka mmoja aliyelala pembeni ya mashine ya kusagia mawe hawezi kuonekana ndani yake.

Kwa mtoto huyo, sheria inayofaa zaidi ni ile ambayo wengi hawaifikirii wanapozungumzia watoto: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali ujulikanao kwa kifupi kama OSHA. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wafanyakazi peke yao. Tangu kichwa chake inataja kuwalinda pia watu wasiokuwa kazini dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za walio kazini. Mpita njia, mteja, mgeni na mtoto aliyekuja na mzazi wake wote wamo. Kwa hiyo hoja ya kwamba "mtoto huyu si mfanyakazi wangu" haimwondolei mwenye eneo wajibu. Inambadilishia kifungu tu.

Shimo, vumbi na zebaki

Mwaka 2013 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha ripoti baada ya kutembelea machimbo 11 katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Liliwakuta watoto, baadhi yao wenye umri mdogo wa miaka minane, wakichimba, wakibeba mawe, wakiponda na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Ripoti hiyo ilizungumzia zaidi watoto wanaofanya kazi. Hata hivyo, anayezifahamu hatua za uchenjuaji wa dhahabu ataona ni kwa nini hata asiyefanya kazi hayuko salama.

Mawe yakishatolewa katika maduara, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, hupondwa na kusagwa kwa karasha hadi yawe unga. Vumbi linalotoka hapo lina chembe za silika, ambazo huingia ndani kabisa ya mapafu na hazitoki. Unga huo huoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa magunia, na chembe nzito zenye dhahabu hunasa kwenye nyuzi. Kinachopatikana humwagwa katika beseni, kikatiwa zebaki na kusuguliwa kwa mkono. Zebaki huzikamata chembe za dhahabu na kufanya donge. Hatimaye donge hilo huchomwa motoni: zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu hubaki.

Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na hapo ndipo ugumu wa kuwaeleza watu hatari yake ulipo. Moshi wa kuni hufukuza mtoto kwa kumchoma macho. Mvuke wa zebaki hauna onyo lolote. Zaidi ya hayo, zebaki hupaa hata bila moto, katika joto la kawaida la mchana. Matone yaliyodondoka mchangani huendelea kutoa mvuke mahali pale pale ambapo kesho mtoto ataketi kucheza. Nguo za mzazi nazo huibeba hadi nyumbani, na wapo wanaochoma donge jikoni, kwa sufuria ya nyumbani, kwa kuogopa kuibiwa wakilichoma hadharani.

Mtoto hudhurika zaidi ya mtu mzima kwa sababu zinazoeleweka. Kwa kulinganisha na uzito wa mwili wake, huvuta hewa nyingi zaidi. Anaishi karibu na ardhi na hutia mikono mdomoni. Ubongo wake ungali unajengwa, na zebaki hushambulia hasa mfumo wa fahamu, pamoja na figo. Kutetemeka kwa mikono, maumivu ya kichwa, usahaulifu na uzito wa kujifunza hujitokeza taratibu. Katika maeneo ambayo homa ni jambo la kila msimu, ni rahisi mzazi au hata mhudumu wa zahanati kufikiria malaria kwanza. Mtoto aliye tumboni naye hajaepuka, kwani zebaki hupita katika kondo la nyuma.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, uliridhiwa na Tanzania mwaka 2020. Nchi yenye uchimbaji mdogo mkubwa wa kutumia zebaki inatakiwa na mkataba huo kuwa na mpango wa taifa wa kuupunguza. Ndani ya mpango huo sharti kuwe na hatua za kuwakinga walio dhaifu, hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na zaidi wajawazito. Mkataba unataja pia mambo ya kukomeshwa, likiwemo la kuchoma donge mahali pa wazi na la kulichoma katika makazi ya watu. Kuna vyombo vya chuma vyenye kifuniko na bomba, ambavyo huurudisha mvuke kuwa zebaki inayoweza kutumika tena. Hupunguza madhara na kuokoa fedha, lakini havimfanyi mtoto awe na haki ya kusimama karibu navyo.

Hatari ya shimo haihitaji maelezo marefu. Duara lililoachwa baada ya dhahabu kwisha hujaa maji wakati wa masika na kufunikwa na majani. Mwenye leseni huwa ameshahamia kwingine.

Wanaozurura mchana

Ni rahisi kuwalaumu akina mama, na lawama hizo hazikosi kusikika katika mikutano ya vijiji. Lakini ratiba ya siku inaonyesha jambo jingine. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi hutolewa bila ada, na watoto wengi zaidi waliandikishwa. Wa madarasa ya chini hutoka mapema, na penye uhaba wa vyumba husoma kwa zamu. Mtoto wa darasa la kwanza huwa nje ya shule mchana kweupe, wakati mama yake amebakiza saa nne au tano za kazi. Nyumba imefungwa. Mahali pekee anapojua pa kwenda ni mwaloni.

Wengi wa wanawake hao hawana mwajiri wa kumdai chochote. Sheria ya ajira inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto wake. Haki hiyo ni nzuri kwa karani au mfanyakazi wa kiwandani. Kwa anayeosha mchanga kwa malipo ya siku, saa mbili ni sehemu ya chakula cha jioni.

Serikali ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowalenga watoto tangu kutungwa mimba hadi miaka minane, na ambayo inahimiza vituo vya kulelea watoto vinavyoanzishwa na jamii yenyewe. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana hutakiwa kusajiliwa kupitia idara ya ustawi wa jamii. Katika maeneo ya machimbo, usajili ni hatua ya pili. Swali la kwanza ni mahali: kituo kilichojengwa upande ambao upepo unapeleka vumbi la karasha na mvuke wa mwalo ni hatari mpya yenye paa. Kinapaswa kuwa mbali kiasi cha kutofikiwa na vumbi, lakini si mbali kiasi cha mama kushindwa kwenda kunyonyesha. Kiwe na maji yasiyotoka katika madimbwi ya kuoshea dhahabu, na mama anawe mikono na kuvua nguo ya kazi kabla ya kumpokea mtoto. Bila hayo, zebaki huingia kituoni kupitia mikono ya mama.

Malipo ya mlezi ndiyo huvivunja vituo vingi vya aina hiyo. Wazazi huchangia dhahabu inapopatikana na hukoma inapokosekana. Hapo ndipo mwenye leseni na wenye mialo wanapopaswa kuulizwa. Wanachanga fedha za ulinzi wa mchanga usiku kucha. Mlezi mmoja wa mchana si gharama isiyowezekana. Tena wao ndio wanaotambulika kisheria. Leseni ya madini haitolewi kwa mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo katika kila eneo lenye leseni, pale ambapo hakuna kampuni, yupo mtu mzima mwenye jina na wajibu.

Kuna ulinzi wa aina nyingine unaosahaulika kwa sababu hauna kofia ngumu wala uzio. Machimbo mapya huvuta wanaume wengi wageni kwa muda mfupi, wenye fedha za ghafla. Binti wa miaka 13 anayemsaidia mama lishe kupeleka sahani hadi kwenye mahema anatembea peke yake miongoni mwao. Ripoti ya mwaka 2013 iligusia pia unyonyaji wa kingono kwa wasichana katika maeneo ya machimbo. Hatua za kumkinga ni ndogo ndogo: asitumwe peke yake, asiingie katika vyumba vya kulala, asibaki baada ya giza, na awe anajua jina la mtu mzima wa kumwendea akisumbuliwa, ambaye si lazima awe ndugu yake.

Anayejifunza na anayetembelea

Sheria haijafunga mlango kwa mtoto kujifunza kazi. Ile ya mwaka 2004 inaruhusu, pale ambapo sheria ya mafunzo imeelekeza hivyo, aliye chini ya miaka 18 kuwa katika meli ya mafunzo, kiwandani au mgodini kama sehemu ya mafunzo yake. Katika maeneo mengine ya kazi inaweka masharti: afya, usalama na maadili yake vilindwe kikamilifu, na awe amepata au anapata maelekezo mahususi ya kazi hiyo.

Kifungu hicho kitazidi kupata umuhimu. Tangu mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari zilianza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali, wanaosoma masomo ya kawaida pamoja na ufundi. Maana yake ni wanafunzi wengi wa miaka 14 na 15 kuingia katika karakana za useremala, umeme, uchomeleaji na ufundi magari. Mafundi wengi wa gereji walijifunza kwa kutazama na kushika, na wengine wana kovu la kuonyesha. Hawana desturi ya kumwambia mwanagenzi kwamba leo utasimama nyuma ya mstari huu.

Mambo yanayomdhuru mwanagenzi mdogo mara nyingi si yale yanayotarajiwa. Glavu za mtu mzima, zinazopewa sifa ya kukinga, huweza kunaswa na mashine ya kutoboa na kuuvuta mkono mzima. Anayetazama tu kazi ya kuchomelea huunguza macho sawa na anayechomelea, maana fundi ana kioo naye hana. Wakati wenye hatari zaidi huwa ule wa mapumziko, fundi anapokwenda kunywa chai na kuiacha mashine bila kuizima kwenye swichi kuu.

Kwa ziara za wanafunzi, migodi mikubwa ina utaratibu unaoeleweka: majina huandikwa getini, kila mgeni huvaa kofia ngumu na kizibao kinachong'aa, huelezwa hatari za eneo, kisha hufuatana na mwenyeji muda wote. Mara nyingi wasiwasi huja pale mwalimu anapodhani mwenyeji anawahesabu watoto, naye mwenyeji akidhani mwalimu ndiye anayehesabu. Kuhesabu kwa sauti wanapoingia, kila wanapohama sehemu na wanapotoka ni kazi ya mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Katika machimbo madogo hakuna geti, na utaratibu huo unapaswa kuanza kwa kamba na vigingi.

Wanaovuka mpaka

Kwa wanaoingia Tanzania kupitia Rusumo, Kabanga au Mutukula wakiwa na watoto, kwa biashara ya gulioni au kutafuta kibarua, ni vyema kujua kwamba umri unaoruhusiwa haufanani katika kanda hii. Rwanda, kwa sheria yake ya kazi ya mwaka 2018, imeweka miaka 16, na kuwaruhusu wa miaka 13 hadi 15 kufanya kazi nyepesi katika mafunzo ya uanagenzi pekee. Uganda nayo iliweka miaka 16 katika marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016. Kenya, kwa sheria ya ajira ya mwaka 2007, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13. Mtoto hulindwa na sheria ya mahali alipo, na mzazi hawezi kujitetea kwa sheria ya kwao.

Kinga ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania haiishii kwa watoto wa raia. Kifungu chake cha kukataza ubaguzi kinataja kwa jina hali ya kuwa mkimbizi, jambo lenye uzito katika mkoa wa Kigoma, ambako kumekuwa na kambi za Nyarugusu na Nduta. Sheria hiyo hiyo inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Kwa vitendo, hatua ya kwanza huwa ofisi ya kijiji au mtaa na afisa ustawi wa jamii. Palipo na jinai, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ni simu ya huduma kwa mtoto nchini Tanzania, na ndiyo inayotumika pia kwa kazi hiyo Kenya na Uganda. Anayepiga anaweza kuwa mtoto mwenyewe, na hahitaji kwanza kuthibitisha kwamba aliajiriwa.